Namba Themanini na Saba

Profesa Nyakeri alinipigia nikiwa bado na damu kiatuni.
"Mbodze, nafasi ya uhadhiri imetangazwa. Mwisho Ijumaa."
Nikasema nitafikiri. Nilikuwa nimefikiri
miaka miwili, na fikra yenyewe ilikuwa imelala
ndani ya boksi la glavu, juu ya kabati la chumba cha zamu,
hospitali ya Malindi, upande usiopata upepo.

Ndani ya boksi, daftari la kijani:
majina mia mbili na kumi na mawili, wanaume
wa Jilore, Ganda, Marereni, Kakuyuni,
waliobeba mabusha kama mtu abebavyo siri,
shuka mbili juu ya suruali, kiti cha ukutani
kwenye kila matanga, na kila harusi udhuru.
Niliwapasua. Wakaondoka wakitembea.
Lakini mwenye kovu, walisema, usidhani kapoa,
nami nikataka kujua: wangapi?
Hilo tu. Wangapi.

Swali dogo lina njaa kubwa.
Lilikula Jumapili zangu. Lilikula mafuta ya pikipiki ya Kazungu
aliyenipeleka kuwatafuta, siku nzima mtu mmoja,
huyu kahamia Garsen, yule kafa kwa jambo jingine
na mjane wake akanipa maji ya kunywa, akaniuliza
kama ni mimi niliyeleta fidia.
Likala ada ya kamati ya maadili,
kisha jarida likadai dola ambazo mshahara wangu,
uliochelewa miezi mitatu, haujawahi kuziota.
Mhakiki wa kwanza hakujua Malindi iko wapi.
Wa pili aliandika: sampuli ni ndogo.
Ndogo! Mmoja wao nilimtoa lita nne.

Athman Bunu, niliyefunzwa naye kushika kisu,
ndiye angekuwa profesa. Aliuliza mpaka wauguzi wakamkimbia.
Sasa yuko kliniki ya watu binafsi Mombasa, anatoa mifuko ya nyongo,
karo za watoto zimelipwa, sauti yake simuni imenenepa.
"Mbodze, chuo hulipa heshima,
na heshima haipimwi kwa kibaba dukani."
Sikumlaumu. Sikumwambia pia
kwamba nyuma ya kicheko chake nilisikia kimya,
kile cha nyumba ambayo mtoto mmoja amehama.

Kwa hiyo si pesa peke yake. Wala si usingizi.
Nitasema kweli, maana hakuna anayenihoji:
niliogopa jibu.
Kisu husifiwa siku hiyo hiyo, mama wa mtu huleta kuku
amefungwa miguu, anakodoa macho chini ya meza yangu.
Daftari halina kuku.
Daftari hukurudisha kwa uliokwisha kuwaaga.

Leo saa kumi, foleni ya kliniki imekwisha,
akaingia fundi baiskeli, grisi kwenye kucha.
Akaniamkua. Hakuketi.
Maumivu? Hana.
Uvimbe? Hana.
"Nimekuja kuuliza, lile buku lilitoka?"
"Buku gani?"
"Ulisema mimi ni themanini na saba."

Uso nilikuwa nimeusahau. Angenionyesha kovu, ningelijua:
mshono ni mwandiko wangu.
Akasema mwanawe sasa anajua kusoma,
na amemwahidi kumwonyesha mstari wake.
Kisha akautazama mlango, akaurudisha polepole.
"Na liko jambo sikukwambia siku ile.
Ukiandika, liandike."
Akanieleza. Nilisikiliza mikono ikiwa mapajani,
haina cha kukata.

Kesho ni Ijumaa. Sijampigia Profesa.
Boksi liko mezani, mchwa wameanza na ukurasa wa kwanza,
wamefika arobaini na moja, wamepumzika.
Nimechukua kalamu. Mbele ya themanini na saba,
kwenye safu niliyoiacha tupu kwa kukosa jina la kuipa,
ninaandika alichosema, kama alivyokisema,
kwa Kigiriama kwanza.